Likizo ya Watamu kutoka Kampala: kabla ya kukata tiketi, angalia mwezi

Sisi wa Kampala tukisema tunaenda bichi tunamaanisha Entebbe au Gaba, kando ya Ziwa Victoria. Unafika mchana, unaagiza samaki mzima wa kukaanga, watoto wanachimba mchanga, muziki uko juu, jioni mnarudi na foleni ya barabara ya Entebbe. Maji yenyewe wengi hatuingii, au tunaishia magotini kwa sababu ya kichocho, yaani ziwa letu tunalipenda kwa macho. Sasa familia yetu tunapanga kwenda Watamu, mji mdogo wa pwani ya Kenya uliopo kati ya Kilifi na Malindi, na kazi ya kupanga nimepewa mimi kwa sababu nilishafika kule kwenye harusi ya rafiki. Kitu ninachowaambia kila siku kwenye grupu la wasap ni kwamba bahari sio ziwa kubwa lenye chumvi, ina ratiba yake, na ukitaka likizo ya kupumzika kweli lazima ratiba yako uijenge juu ya ile yake.

Ziwa halina haraka. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda mpaka likavunja rekodi, bichi za Entebbe zikamezwa na watu wakahama, lakini lile lilikuwa jambo la miezi na miezi. Bahari inapanda na kushuka mara mbili kwa siku. Kutoka maji kujaa mpaka kupwa ni kama saa sita na kitu, halafu yanarudi tena, na kila siku ratiba inasogea mbele karibu dakika hamsini, kwa hiyo ukiogelea leo saa tisa ukadhani kesho saa tisa utayakuta vile vile, hapana. Halafu kuna bamvua na kuna maji mafu. Bamvua ni zile siku karibu na mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yanajaa sana na kupwa sana, pwani ya Kenya tofauti inapita mita tatu, na kwenye fukwe tambarare kama za Watamu hiyo inamaanisha unatoka asubuhi unakuta bahari imekwenda mbali kule kwenye mwamba na mashua zimelala ubavu kwenye mchanga. Maji mafu ni siku za nusu mwezi, hapo bahari haiendi mbali.

Mama nilipomweleza haya aliniangalia kama namdanganya. Mama ni mtoto wa mji wa Bombo, amezeeka Kampala, maji makubwa anayoyajua ni ziwa na mto Nile.

"Sasa hayo maji yanaenda wapi, mwanangu?"

Nikamwambia yanavutwa na mwezi, Mama.

"Mwezi huu huu tunaofungia na kufungulia?"

"Huo huo."

Akafikiri kidogo, akasema basi suala la tarehe niachieni mimi. Na kweli tarehe kachagua yeye, kwa kuhesabu mwezi kwa vidole, bila programu yoyote ya simu, na alipomaliza nikalinganisha na jedwali la maji la bandari ya Mombasa nikakuta amelenga sawasawa.

Hesabu yenyewe iko hivi na nawaachia muitumie. Pwani ile, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi hivi, alfajiri na jioni, na kupwa mnamo saa nne asubuhi. Maana yake ukifika siku za bamvua, asubuhi unatembea juu ya mchanga ambao jana ulikuwa chini ya maji, unaingia kati ya miamba, unakuta vidimbwi vyenye samaki wadogo, kiti cha pweza (yule mwenye umbo la nyota), konokono wa kila rangi, ukibahatika pweza mwenyewe amejibana kwenye tundu, na hii kwa watoto inashinda bwawa lolote la hoteli. Jioni maji yamerudi mpaka karibu na minazi na watu wanaogelea. Siku zikisogea kuelekea nusu mwezi mambo yanageuka, asubuhi unapata maji ya kuogelea na mchana yanashuka kidogo tu. Kwa hiyo tumepanga kufika bamvua ikiwa imeanza na kuondoka maji yakiwa mafu, ili watoto wapate vyote viwili.

Mwezi wa kwenda nao ulileta mjadala. Wengi huku kwetu hukimbilia Desemba, na Desemba kule bei zinapanda na vyumba vinajaa kwa sababu Nairobi nzima imeshuka pwani. Lakini angalieni kalenda za shule: Kenya shule hufunguliwa mwanzoni mwa Januari, zetu Uganda ni Februari. Hapo katikati kuna wiki kadhaa ambapo watoto wetu bado wako nyumbani, wageni wa Nairobi wamesharudi, na upepo ni wa kaskazi, bahari imetulia, maji yanaonekana mpaka chini. Kuanzia Aprili upepo wa kusi unaingia na mvua ya masika, bahari inachafuka, mwani unajaa ufukweni, Mei ndio mbaya zaidi na baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Kusi ina uzuri wake lakini, kuanzia kama Julai mpaka Septemba nyangumi wenye nundu wanapita pale na mashua hutoka kwenda kuwatazama. Kwa mama mwenye magoti yanayouma na watoto ambao hawajui mawimbi, Januari tu, sikutaka hata kubishana.

Aliyebishana ni kaka yangu mkubwa. Yeye alitaka ndani ya wiki moja tufike Mombasa, Watamu, Malindi, Lamu, na turudi kwa kupitia hifadhi ya Tsavo tukaone tembo. Kaka namheshimu lakini hapo nilikataa mbele ya wote. Tembo tunao kwenye hifadhi zetu, Queen Elizabeth wapo, Murchison wapo, twiga na kiboko na simba wote tunao, mtu akitoka Uganda kwenda baharini sioni sababu ya kulipa pesa ile yote ya gari la safari akatazame kitu ambacho kiko saa chache kutoka Kampala. Tufuate tusivyokuwa navyo. Na tembo wa Tsavo tutawaona njiani hata hivyo, kwa sababu tunatumia treni.

Njia tuliyochagua ni basi la usiku Kampala mpaka Nairobi, mpaka tunavukia Busia. Raia wa Uganda anaingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa, sio lazima pasipoti, ila watoto wasio na kitambulisho waandalieni hati ya kusafiria mapema msingoje wiki ya mwisho, na kila mtu awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Nairobi tunalala usiku mmoja, hii nimesimamia kabisa, maana mtu mzima kukaa kwenye basi usiku kucha halafu umuingize kwenye safari nyingine hapo hapo sio likizo. Kesho yake treni ya asubuhi ya SGR, reli mpya ya Nairobi mpaka Mombasa, ile iliyoanza mwaka 2017, inayokata katikati ya Tsavo mchana, na ukikaa dirishani unaona tembo wekundu kwa ule udongo wa kule, pundamilia, wakati mwingine nyati. Usichukue ya usiku, utalipa nauli ile ile uangalie giza. Tiketi zinaisha haraka kwa hiyo kateni mapema. Kituo cha mwisho kiko Miritini, nje ya kisiwa cha Mombasa, kutoka hapo ni kilomita mia moja na ushee kwenda kaskazini, unapita Mtwapa, unapita daraja la Kilifi, ukifika Gede unakata kulia unaingia Watamu. Matatu za Malindi zinakushusha Gede na tuktuk inamalizia. Sisi kwa sababu ya mizigo na Mama tunakodi gari.

Sasa wanyama. Wa kwanza ni kasa, kobe wa baharini. Fukwe za Watamu kasa hupanda usiku kutaga, wanachimba shimo wanafukia mayai, yanakaa mchangani kama miezi miwili, na joto la mchanga ndilo linaloamua watoe majike au madume, mchanga ukiwa wa moto zaidi wanatoka majike. Kuna shirika pale linaitwa Local Ocean Conservation, lilianza mwaka 1997 kama kikundi cha kulinda viota vya kasa, na mpaka leo mvuvi akinasa kasa kwenye wavu kwa bahati mbaya anawapigia simu, wanakuja, wanampima, wanamwekea alama, wanamrudisha baharini, na mvuvi anapewa kitu kidogo kwa muda wake na hasara ya wavu. Wagonjwa wanapelekwa kwenye matangi ya matibabu. Niliwaona wale, mmoja alikuwa anaelea tu hawezi kuzama kwa sababu ya gesi tumboni, wakanieleza kwamba mara nyingi hiyo inatokana na plastiki aliyomeza akidhani ni chakula. Picha ile imenikaa. Mnyama ambaye anaweza kuishi miaka mingi kuliko mimi, anashindwa kupiga mbizi kwa sababu ya kitu kama kaveera, yaani mfuko wa plastiki, ya sukari ya sokoni Kikuubo. Nataka watoto wetu waone hilo kwa macho yao, nimeliweka siku ya kwanza kabisa kabla hawajaanza kukimbizana ufukweni.

Na hapo hapo niseme: Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Agosti 2017, na kwenye hifadhi na fukwe zao hata chupa za maji za kutupa haziruhusiwi tangu 2020. Sisi huku kila kitu ni kaveera, nguo kwenye kaveera, chapati kwenye kaveera, viatu kwenye kaveera. Acheni zote nyumbani, msije mkaanza kutoa maelezo pale Busia.

Wa pili ni sange wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Huu msitu uko nyuma tu ya Watamu, kilomita za mraba zaidi ya mia nne, ndio kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha misitu mikavu ya pwani Afrika Mashariki, na wageni wengi wanaupita kwa gari wakiwahi mchanga. Sange wa pale ana pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba, mwili kama sungura mdogo, na nyuma ana rangi ya njano kama amekaa kwenye rangi mbichi. Anaishi kwa jozi, dume na jike mmoja, wanalinda eneo lao pamoja. Ile njano wataalamu wanasema inamvutia adui ashambulie pale, na pale ndipo ngozi ilipo nene zaidi. Duniani karibu wote waliobaki wako kwenye msitu huo. Sisi ambao tunajivunia korongo wetu mwenye mdomo kama kiatu, yule wa kinamasi cha Mabamba, watu wanatoka Ulaya kuja kumtazama ndege mmoja tu amesimama kwenye majani, tunaelewa vizuri kwa nini mnyama mdogo namna hii anafaa kuamkiwa alfajiri.

Ila uende na mwongoza wageni wa pale pale, hili nasisitiza sana. Kuna bundi mdogo wa Sokoke, urefu wake haufiki sentimita ishirini, anakaa kwenye sehemu ya udongo mwekundu yenye miti minene, na peke yako unaweza kutembea msitu mzima ukatoka bila kumuona. Mwongoza wageni anajua tawi gani amelala leo. Vijana hao wamezaliwa kwenye vijiji vya kando ya msitu, na pesa yao ndiyo inayomfanya jirani aone msitu una faida ukiwa umesimama. Hapo Gede pia kuna mradi wa Kipepeo, tangu 1993 wakulima wanafuga viwavi wa vipepeo wa msitu huo mpaka wawe pupa, yaani hatua ya mwisho kabla ya kuwa kipepeo, na pupa hao huuzwa nje ya nchi, kwa hiyo mtu mwenye shamba kando ya msitu ana sababu ya kutokata miti. Mimi napenda kulipa pesa yangu sehemu za namna hiyo.

Mida Creek tunaenda siku ya bamvua alasiri. Ni mkono wa bahari ulioingia ndani, umezungukwa na mikoko, na kuna daraja la mbao na kamba linaloning'inia kati ya miti mpaka kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Ukifika wakati maji yanapanda, ndege waliotawanyika kwenye tope wanasukumwa na maji wanakuja karibu na wewe, Januari wako kwa wingi sana kwa sababu wengi wamekimbia baridi ya Ulaya na Asia. Ukiwahi maji yakiwa yamekupwa unaona vitone tu kwa mbali. Kiingilio cha daraja kinasaidia karo za watoto wa sekondari wa vijiji vya pale. Baada ya hapo mtumbwi kidogo, halafu kaa, wanawapika vizuri mno.

Siku ya boti tutaingia hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotangazwa mwaka 1968, moja ya hifadhi za kwanza za bahari barani Afrika. Mama atakaa kwenye boti yenye kioo chini, watoto wataingia na miwani na mrija wakishikwa mkono. Matumbawe yale yalipigwa vibaya na joto la El Niño mwaka 1998, mengi yakafa, na yanayoonekana sasa ni yaliyosalia pamoja na yaliyoota upya polepole sana, kwa hiyo usikanyage, usishike, usiwarushie samaki mkate hata kama nahodha anakuambia ni sawa. Makombe pia usinunue, yale yalikuwa nyumba za viumbe. Kwenye malango yote ya hifadhi ulizeni bei ya raia wa Afrika Mashariki na mtoe vitambulisho, tofauti na bei ya mgeni wa mbali ni kubwa.

Na magofu ya Gede, ambayo kaka alisema ni mawe tu. Ule ni mji wa Waswahili, wenye msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima, vyoo ndani ya nyumba, kaburi lililoandikwa mwaka wa hijria 802, yaani 1399, na wachimbaji walikuta vyombo vya China na shanga kutoka mbali. Watu waliuhama kufikia karne ya 17 na msitu ukaumeza, sasa mizizi imekumbatia kuta na kima wanaruka juu ya mihrabu. Mwaka 2024 UNESCO imeutia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mama anataka kusimama pale kwenye msikiti tu, basi, na mimi nimempa asubuhi nzima bila kitu kingine chochote siku hiyo.

Hii ndiyo kanuni ya safari yetu kwa kweli, kitu kimoja kwa siku, na kina saa yake ya maji, zilizobaki ni za kulala, kula na kukaa kivulini. Tumechukua nyumba yenye mpishi ng'ambo ya barabara na sio hoteli ya ufukweni, kwa sababu pwani ya Kenya ufukwe ni wa wote na unavuka tu unaukuta, na mpishi anakwenda kwa wavuvi asubuhi anarudi na alichokipata. Nimeomba samaki wa kupaka, wali wa nazi, na asubuhi mahamri na mbaazi. Matoke tupumzike nayo kidogo. Watoto wameshasikia kwamba Watamu ina Waitaliano wengi na aiskrimu ya kweli, kwa hiyo hiyo imeingia bajeti bila kupigiwa kura.

Kijijini ni sehemu ya Waislamu, tutavaa kanga juu ya nguo za kuogelea tukitoka mchangani, na wazee tutawaamkia shikamoo kabla ya kuuliza njia. Vijana wa ufukweni watakufuata na vinyago na safari za boti, ukiwajibu kwa Kiswahili na kwa heshima mazungumzo yanabadilika kabisa, safari ile ya harusi mmoja kati yao ndiye aliyenionyesha mkunga, samaki mrefu kama nyoka, kwenye mwamba na hakudai kitu.

Kilichobaki ni viatu vya mpira vya kutembelea miambani, hivyo ni lazima, kuna wale viumbe wa miiba mieusi kama sindano na mwiba wake ukivunjikia mguuni likizo imeharibika. Vya watoto tumepata soko la Owino. Saizi ya Mama bado, Jumamosi narudi tena.